Sahihi ya Mama Mdogo

Mimi sheria ya mikataba ya Waingereza niliisomea saluni, na sioni aibu kusema. Wenzangu walisoma maktaba, mimi nilisoma mtaa wa Point, hapa Durban, katika jengo la zamani upande wa bandari, kitabu kwenye mapaja na harufu ya mafuta ya nywele puani. Saluni ilikuwa ya mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu mzazi. Wateja walimwita tantine, yaani shangazi kwa Kifaransa chetu. Kilikuwa chumba kimoja tu: mbele kazi, nyuma ya pazia vitanda vyetu viwili na jiko la gesi. Chumba hicho kikiondoka, kazi imeondoka na pa kulala pameondoka, maana Durban nzima hatukuwa na kingine.

Kwetu Bukavu nilikuwa nimemaliza mwaka wa pili wa sheria kabla hatujakimbia. Kufika huku, chuo cha hapa kikataka cheti chenye muhuri wa ofisi ambayo ilikuwa imeshaporwa hadi milango. Niliwaeleza, wakanitazama tu. Waingereza, kwa kozi yao ya posta, wakasema diploma yangu ya sekondari inawatosha. Nikasema potelea mbali, sheria ni sheria, nikajiandikisha. Asubuhi niliuza simu na chaja katika duka la Mrundi mmoja, mchana nikarudi saluni kusoma huku nikimshikia mama mdogo mafungu ya nywele bandia.

Siku ileile niliyojiandikisha wateja wakanivika cheo: maître. Kwetu ndivyo anavyoitwa wakili. Mtu akinyimwa karatasi ya ukimbizi, aambiwa muulize maître. Mtu akinyang'anywa mume, muulize maître. Nilikuwa nawaka kwa hasira, maana sikuwa wakili wa chochote, na mimi ni mtu wa hasira za karibu. Ila nisijifanye, kuna siku jina hilo liliniingia vizuri masikioni.

Kiingereza cha vitabu vile kilinishinda mpaka nikagundua dawa: kesi haikai kichwani mpaka niisimulie kwa Kiswahili. Basi nikawa nasimulia, na wale wanawake, vichwa vimeinamishwa, wanakata hukumu.

Nilianza na kesi ya mpira wa moshi. Kampuni moja ya London iliuza mpira wa dawa; unavuta moshi wake puani, mafua hayakushiki. Ikatangaza gazetini kwamba mtu akitumia kama ilivyoelekezwa kisha akaugua, atalipwa paundi mia. Mama mmoja akatumia, akaugua. Kampuni ikaruka: lilikuwa tangazo tu, maneno ya biashara. Majaji wakasema hapana, mmeiahidi dunia nzima, huyu amefanya mlichomwambia, mlipeni.

"Hao majaji waletwe Durban," alisema mama mmoja Mrundi aliyeuza vitenge kwenye korido yetu. "Waanze na wachungaji wa miujiza."

Mama mdogo alicheka mpaka akaachia msuko. Huyu mama wa vitenge alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, na mdomo wake haukuwa na breki.

Nikawapa ya yule bwana aliyefanya kazi Ceylon, mkewe kabaki Uingereza kwa ushauri wa daktari. Bwana akaahidi kumtumia matumizi kila mwezi. Mapenzi yalipokwisha na matumizi yakaisha, mke akaenda kortini, korti ikasema ahadi ya mume kwa mke wake nyumbani si mkataba, wala hawakukusudia kushtakiana. Hapo saluni ilichafuka. Mteja mmoja alitaka kuondoka na nusu ya kichwa. Ati Wazungu nao? Nilipojaribu kuitetea hiyo hukumu, mama wa vitenge akaniambia nikiolewa ndipo nitaielewa sheria.

Ila kesi ya mama mdogo mwenyewe, aliyoniomba niirudie kila mara, ilikuwa ya mafleti ya wakati wa vita. London inapigwa mabomu, wapangaji wamekimbia, mwenye jengo anamwambia aliyekodi: lipa nusu mpaka hali itulie. Vita vinaelekea kwisha, jengo limejaa, anataka haki yake. Jaji akasema kodi kamili unaweza kuidai kuanzia sasa, lakini ile nusu ya miaka ya shida huwezi kuirudia, maana uliahidi, na mwenzako akaishi kwa kuitegemea ahadi yako.

"Umeona?" mama mdogo alikuwa akisema. "Neno la mtu ni neno."

Alikuwa na sababu. Chumba kile alikipata kikiwa stoo ya panya na mabomba yaliyopasuka. Mzee mwenye jengo, mtu mpole, mjane, alimwambia: mama, kitengeneze, nawe utakaa mpaka utakapochoka mwenyewe. Hapakuandikwa kitu. Mama mdogo alinunua soda, wakanywa pamoja mlangoni, mama wa vitenge akiwa shahidi, na kwa desturi zetu hapo jambo limekwisha. Akatandika vigae. Akaweka sinki la kuoshea nywele na bomba la maji ya moto. Akamleta fundi wa umeme, akabandika vioo ukutani kwa simenti. Kila alichokipata kwa miaka ile kilizama ndani ya kuta za mtu mwingine, na alikuwa na amani kabisa.

Mimi sikuwa na amani. Nilimwambia kwamba kanuni hiyo ya mafleti, Waingereza wenyewe wanasema ni ngao, si mkuki: inakukinga ukishtakiwa, lakini huwezi kwenda nayo kumshtaki mtu. Akanijibu yeye hana mpango wa kumchoma mtu mkuki. Unamjibu nini mtu wa namna hiyo?

Halafu ikaja kesi ya mashine ya sigara. Hii nilikuwa naisomea jaribio, nikaisimulia mchana wa mvua, saluni imejaa watu wasio na pa kwenda. Mama mmoja wa mji wa pwani huko Uingereza, mwenye mgahawa, alinunua mashine ya kuuzia sigara. Akapewa karatasi ya rangi ya kahawia yenye maandishi madogo madogo, akatia sahihi bila kusoma. Mashine ikaja mbovu. Alipodai, wakamwonyesha kwenye yale maandishi madogo kwamba hana dai lolote. Niliwauliza: nani alishinda?

"Mama," walijibu wote pamoja.

Nikasema hapana. Ameshindwa. Ukishatia sahihi umefungwa, uwe umesoma, uwe hukusoma.

Mama mdogo aliweka kitana chini. "Aliandika lu et approuvé?"

Nikamwambia Waingereza hawana hicho kitu.

"Basi hakufungwa. Hiyo korti ilikosea."

Ambaye hakukulia kwetu lazima nimweleze. Kwetu, urithi wa Wabelgiji, mkataba hauna nguvu machoni pa watu mpaka mwenye kusaini aandike kwa mkono wake, juu ya jina lake, maneno hayo ya Kifaransa: nimesoma na nimekubali. Sahihi peke yake ni jina tu, inaonyesha ulikuwepo. Mama mdogo akiwa msichana aliona karatasi ya kuuzia shamba la baba yake ikirudishwa na karani wa wilaya kwa sababu maneno hayo hayapo, na mnunuzi akaondoka mikono mitupu. Familia nzima iliokoka kwa maneno yasiyoandikwa. Jambo la hivyo halimtoki mtu, hata aishi wapi.

Saluni yote ilimuunga mkono, na Warundi nao, maana kwao ni yaleyale. Nikabisha. Nikasema huku si Bukavu. Mama wa vitenge akasema, "Maître, kula mandazi, unyamaze." Nikala.

Kombe la Dunia likaja, likapita, na maneno ya Point kujengwa upya yakazidi. Kila mtu alikuwa na binamu aliyesikia kitu. Majengo ya pembeni yakaanza kupakwa rangi, wapangaji wake wakaanza kuhama kimya kimya na magodoro. Mzee wetu akaugua, akafa. Tulikwenda mazishini, mama mdogo akalia kweli. Watoto wa mzee, ambao wote waliishi ng'ambo, wakauza jengo kwa kampuni ambayo hatukuwahi kumwona mtu wake, ila wakala.

Siku wakala alipokuja mimi nilikuwa dukani. Niliporudi, mama mdogo alikuwa anasuka, ametulia, akanionyesha kwa kidevu bahasha juu ya meza.

"Kijana mmoja amekuja na makaratasi. Nimemsainia, akaenda zake."

Nilisoma nikiwa nimesimama. Ilisema aliyesaini hapa anakubali upangaji wake umekwisha, ataondoka mwisho wa mwezi ujao, kila kilichoshikizwa ukutani au sakafuni kitabaki, na hana dai lolote juu ya mtu yeyote. Chini, kwa mwandiko wake wa mviringo, jina lake lote la ubatizo.

Nikamuuliza kama anajua amesaini nini. Mikono yake haikusimama.

"Hata sikusoma. Nilikuwa na kichwa cha mtu mkononi. Nimeandika jina tu aondoke, yale maneno sikuandika. Tena nimefanya makusudi."

"Mama mdogo."

"Niko nakuambia, haiko kitu ile. Ni jina."

Nilishindwa hata kupiga kelele, mimi ambaye napigia kelele chumvi ikizidi kwenye sombe, kisamvu cha kwetu. Nilikaa kwenye kiti cha wateja, nikamwambia polepole, kama namfundisha mtoto, kwamba chumba kimekwenda. Alinitazama kwenye kioo. Kisha akamuuliza mteja kama anataka ncha zichovywe maji ya moto au ziachwe hivyo.

Usiku ule sikulala, na asubuhi nilikuwa na kitu mkononi. Kanuni ya sahihi ina mlango mmoja mdogo. Iko kesi ya gauni la harusi: bibi mmoja alipeleka gauni lake kwa dobi, akapewa karatasi asaini, akauliza ya nini, mhudumu akamwambia ni kwa ajili ya shanga tu, zikiharibika. Kumbe karatasi ilisema kila kitu. Gauni likarudi na doa, na korti ikasema dobi hawezi kuitegemea sahihi aliyoipata kwa kueleza vibaya. Nilijua sheria ya huku si ya Kiingereza, ni ya Waholanzi imechanganywa, lakini nilijua pia hakuna sheria duniani inayopenda mtu kudanganywa ndipo asaini. Nikamsimulia mama mdogo kesi hiyo mara mbili. Nikamwambia: tunakwenda kwa wakili wa bure mjini, atakuuliza kijana alikuambia nini kabla hujasaini. Kila kitu kiko hapo.

Akasema, "Sawa."

Wakili alikuwa mwanamke wa makamo, macho yamechoka, mwenye subira. Alisoma karatasi, akasikiliza habari ya mzee, soda, vigae, sinki. Kisha akasema jambo ambalo bora asingelisema. Akasema sheria ya hapa, mtu akinunua nyumba amenunua na mpangaji wake. Mama asingesaini, wangekuwa na cha kupigania, tena kizuri. Ila kuhusu sahihi, hapa na Uingereza ni neno moja: aliyetia sahihi na ajihadhari. Nikamweleza habari ya lu et approuvé. Aliandika kidogo, akasema anasikitika, hakimu hapa hataulizia maneno hayo.

Halafu akauliza lile swali. Huyo kijana alimwambia nini?

Mimi ndiye niliyekuwa natafsiri. Nilimgeukia mama mdogo, nikamuuliza kwa Kiswahili, nikimkazia macho.

"Aliniambia, mama, soma," akajibu. "Akasema nisiwe na haraka, hata akitaka atarudi kesho."

Niligeuka kwa wakili, nikasema kwa Kiingereza: anasema kijana alimwambia ni karatasi ya kuonyesha tu kwamba alifika. Nilisema bila kumeza mate, na leo ningesema tena.

Mama mdogo Kiingereza chake kilikuwa cha saluni, cha wateja na soko, lakini kilimtosha. Aliweka mkono juu ya meza ya wakili. "No," alisema. "Him, he say read."

Wakili aliweka kalamu chini. Alinitazama mimi, hakunitazama vibaya. Akasema hawezi kupeleka kortini neno ambalo mwenyewe halisemi. Akatupa mkono, akatuombea heri, akamwita anayefuata.

Tulitembea mpaka kwenye robot, taa za barabarani. Taa ikawaka kijani, hatukuvuka.

"Ulikuwa unajua anachouliza," nilimwambia. "Nilikusimulia mara mbili."

"Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

"Yule kijana alikuwa na adabu, mwanangu. Aliniambia soma. Mimi siwezi kumsingizia mtoto wa watu."

"Adabu yake imetutoa ndani."

"Ndiyo," alisema. "Imetutoa." Akaanza kulia palepale, watu wanapita na mifuko yao, na mimi sikumshika. Nilikuwa nampenda na nilikuwa simtaki, vyote pamoja. Taa ilibadilika tena na tena.

Mwisho wa mwezi ule mwingine tulitoka. Viti tulichukua, na vikaushio vya nywele, na pazia. Vioo vilibaki, sinki lilibaki, vigae vilibaki, na plagi zote. Kijana alikuja kuchukua ufunguo, kweli alikuwa na adabu, akatubebea godoro mpaka kwenye gari. Mama wa vitenge alimtukana kwa Kirundi kutoka ghorofani hadi barabarani, na kijana akaitikia "sharp, mama," akidhani anaagwa.

Tulipata kona ya sebule mtaa wa Berea, juu kilimani, kwa familia ya watu wa kanisani, watu wema lakini wengi. Jengo halikuruhusu biashara ndani. Mama mdogo akawa anawafuata wateja majumbani, hadi Morningside, anapanda kilima kwa miguu na mfuko wa vitana. Wateja wa Point hawakupanda naye. Mtu anasuka pale anapopita kila siku, hawezi kulaumiwa. Baada ya muda alikuwa anakaa siku nzima kwenye kona yetu akitazama ukuta, na mtu wa kuniita maître hakuwepo tena.

Mtihani nilifanya. Kulikuwa na swali la mwenye duka aliyesaini asichokisoma, nikaandika yote: mashine ya sigara, gauni la harusi, mlango ule mdogo na namna unavyofungwa. Mkono haukusita hata mara moja. Nilifaulu somo la mikataba kuliko masomo mengine yote, na sikujiandikisha kwa mwaka uliofuata. Mama mdogo aliniuliza kwa nini. Nikamwambia nimechoka.

Tulingoja tuone wataweka nini pale Point. Mimi nilidhani hoteli, au yale mafleti ya kioo yanayotazama maji. Miezi ikapita, jengo likapakwa rangi upande wa barabarani tu, basi. Kisha mama wa vitenge, ambaye alikuwa amebaki kwenye korido, akaja Berea siku ya Jumapili na habari. Chumba kimepangishwa. Mwanadada wa Lubumbashi amefungua saluni, maana ameikuta tayari na kila kitu. Na anatafuta msusi.

Mama mdogo alikunja leso yake, akaikunjua.

"Usiende," nilimwambia. "Mama mdogo, nakuomba, usiende."

"Nitakula nini?"

Jumatatu alikwenda.

Nilijizuia wiki kadhaa, kisha nikapita siku moja mchana. Alikuwa amevaa aproni ya waridi yenye jina la saluni mpya, anamlaza mteja kichwa kwenye sinki. Mwenye saluni, yaani patron wake mpya, alikuwa binti mdogo kuliko mimi, mchangamfu, hana baya. Alimwona mama mdogo anashika bomba, akamwahi.

"Tantine, subiri nikuonyeshe. Hili la maji ya moto linafunguliwa taratibu, upande huu. Ukililazimisha linavunjika."

Mama mdogo aliondoa mkono wake, akatazama vizuri anavyoonyeshwa.

"Asante, patron," alisema. "Sikujua."